Skopu zenye taa: ichague kwa namba yake ya chini, si ya juu (uzi mrefu)

Kipanga wa Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Humu kila mtu akiomba ushauri wa skopu ya raifo (darubini ya kulengea inayofungwa juu ya bunduki), jibu la kwanza ni "hakikisha ina taa". La pili ni "hakikisha taa yake inaonekana mchana". Hilo la kwanza sina ugomvi nalo. La pili ndilo limenifanya nifungue uzi, maana naona watu wanalipia kitu kimoja huku wanahitaji kingine.

Tuelewane kwanza taa hii inafanya nini. Katika skopu nyingi za sasa kuna kioo kilichochorwa msalaba, au nukta, au msururu wa vistari vya kupimia. Sehemu inayowaka imechimbwa kwenye kioo na kujazwa kitu kinachorudisha mwanga, na pembeni kuna LED ndogo inayoimulika. Basi. Hakuna mwanga unaokwenda kwenye shabaha. Taa inaitenga mistari na kilicho nyuma yake ili jicho liione, na hapo kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo mchana wa jua kali, ukilenga karatasi nyeupe, mchanga au nyasi kavu, mistari myeusi inatosha na inazidi. Ukiwasha taa hapo, LED inashindana na jua, nalo halishindiki. Watu wanapandisha mwanga wa taa hadi namba ya mwisho, wanaona wekundu hafifu, wanaandika humu kwamba skopu ni mbovu. Si mbovu. Mchana taa ina maana pale tu shabaha ni nyeusi: mnyama mweusi aliyesimama chini ya kivuli cha mti, au duara jeusi la katikati ya karatasi, ambapo mistari myeusi inamezwa kabisa.

Mambo yanabadilika jua likishuka, na yanabadilika haraka kuliko tunavyohisi. Jua la mchana wazi ni kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Likizama zinabaki kama 400. Likifika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho zinabaki 3 na kitu. Karibu na ikweta safari hiyo ya kutoka 400 hadi 3 inachukua dakika 20 hivi, na ukienda mbali na ikweta inarefuka. Maana yake ndani ya muda mfupi mwanga unapungua zaidi ya mara mia moja, huku jicho linatuambia tu kwamba "jioni imeingia". Mwezi mpevu ukiwa juu ni kama robo ya luksi.

Sasa angalia vidole vya watu. Kiza kikizidi, wanapandisha taa. Inatakiwa iwe kinyume. Namba iliyokuwa sawa jua linazama inakuwa kali mno baada ya robo saa, kwa sababu mboni imepanuka na retina imeanza kuzoea kiza. Mboni ya mchana ina upana wa milimita 2 au 3. Ya usiku kwa kijana inafika 7, na umri ukienda inaishia kwenye 5 hivi. Kuzoea kiza kikamilifu kunachukua nusu saa au zaidi, na nukta kali inakurudisha nyuma kwa kuitazama muda mfupi tu. Kaa usiku kwenye chumba chenye taa uchungulie nje dirishani: utaona sura yako, hutaona uwanja. Ndivyo nukta kali inavyofanya. Inajaza katikati ya picha ukungu mwekundu na shabaha inazama ndani yake.

Ninavyofanya mimi: nashusha hadi nukta ipotee, napandisha polepole hadi ionekane kwa shida, naacha hapo. Na ninafanya hivyo nikiwa nimeielekeza skopu kule shabaha iliko, maana mimi naweza kuwa uwanjani kwenye mwanga na shabaha iko ndani ya msitu.

Ndiyo maana nasema ukienda kuangalia skopu, usiulize inawaka kiasi gani. Uliza inafifia kiasi gani. Omba chumba chenye giza, subiri macho yazoee, weka namba ya chini kabisa. Kama hapo bado inakuchoma jicho, hiyo taa ni ya kupambia. Nimekuta skopu za bei ya heshima zinafeli hapo, na za bei ya kawaida zinapita.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia: ukifika mahali msalaba unauona vizuri na shabaha unaikisia, siku imekwisha. Pakua risasi. Taa haikutambulishi mnyama wala haikuonyeshi kilicho nyuma yake.

Mshale_Mnyoofu

Mkuu asante. Swali la haraka: yangu namba 1 na 2 haziwaki kabisa, hata gizani. Inaanzia 3. Je, ni mbovu au ndiyo "kufifia" unakosema?

Kipanga wa Jioni

Soma kijitabu chake mkuu, huenda ni nzima. Skopu nyingi zina namba mbili tatu za chini zilizowekwa kwa ajili ya vifaa vya kuonea usiku, vile vinavyokuza mwanga hafifu. Mwanga wake ni mdogo kiasi kwamba jicho tupu haliuoni, ila ukiweka kifaa nyuma ya skopu unaonekana. Ukitumia namba ya kawaida na kifaa kama hicho, nukta inavimba inakuwa tope. Kwako wewe, namba ya kupima gizani ni 3.

Binti Shabaha

Kaka Kipanga umeandika vizuri lakini umeandika kama mwindaji wa jioni. Sisi tunaoshindana kwa saa, shabaha nyingi, karibu na mbali, tunatumia zile za zumu (ukuzaji wa picha) ya 1 hadi 6 au 1 hadi 8, na tunafanya hayo yote saa sita mchana. Kwenye 1 tunafungua macho yote mawili na tunataka nukta nyekundu ituvute jicho kabla hatujafikiri. Mistari myeusi haifanyi hivyo hata ukiwa na macho ya mwewe. Shabaha iliyopakwa rangi, nyuma yake ukuta wa udongo wenye jua, msalaba mwembamba unapotea kabisa ukiwa unakimbia. Kwetu namba ya juu ndiyo inayoshinda au kushindwa, na wengi wetu hatujawahi kugusa namba ya 1 tangu skopu itoke kwenye boksi.

Kwa hiyo kichwa cha uzi ungeongeza "kwa wawindaji".

Kipanga wa Jioni

Hilo nalikubali dada, kwa zumu ya 1 umesema kweli. Ila huko mnataka aina nyingine ya taa kabisa, si ile ya kawaida iliyowekewa LED kali zaidi. Fundi wa Vioo kama yuko humu atufafanulie.

Fundi wa Vioo

Nipo, nilikuwa nasoma kimya kimya.

Kwenye msalaba wa kawaida uliochimbwa, LED inapiga kutoka pembeni na mwanga unatawanyika kila upande. Unaofika jichoni ni sehemu ndogo sana. Ukitaka ushindane na jua kwa njia hiyo unamaliza betri, na mwanga uliotawanyika unaanza kuwaka kwenye kuta za ndani za bomba. Ukiona duara jekundu pembeni mwa picha usiku, ndiyo hiyo.

Walioshinda jua wametumia njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchonga kwenye kioo mifereji midogo mno, iliyopangwa kwa vipimo vya urefu wa mawimbi ya mwanga wenyewe. Mifereji hiyo inaupinda mwanga wa LED na kuuelekeza kwenye jicho. Ya pili ni kuirusha nukta kupitia kioo kinachopitisha na kurudisha mwanga kwa pamoja; kampuni ya Schmidt & Bender wamekuwa na nukta ya namna hiyo kwa jina la FlashDot. Zote mbili zinawaka mchana kweli.

Gharama yake hamuisikii dukani. Mwanga uliolengwa jichoni unahitaji jicho liwe pale. Kwenye ile ya mifereji, ukiweka shavu vibaya kwenye kitako cha bunduki, nukta inafifia au inazimika huku picha ya shabaha bado unaiona. Ile ya kawaida iliyochimbwa haina ukali wa mchana, lakini popote jicho lilipo ndani ya duara la picha, inawaka sawasawa. Nimeshuhudia mtu anabadilisha betri tatu mfululizo wakati tatizo lilikuwa shavu lake.

Binti Shabaha

Hahaha, huyo wa betri namfahamu. Kwenye klabu yetu yupo.

Kengewa77

Mimi nauliza rangi. Nyekundu au kijani? Naona kijani kinawaka zaidi, nashangaa wengi wananunua nyekundu.

Fundi wa Vioo

Kijani kinawaka zaidi kwa sababu jicho ndivyo lilivyoumbwa. Mchana linahisi zaidi mwanga wa kijani-manjano, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 555. Gizani linahamia upande wa kijani-bluu, karibu na 507, kwa sababu seli za mchana zinapumzika na za usiku zinachukua zamu. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkyně alilieleza hilo mwanzoni mwa karne ya 19: mwanga ukiwa hafifu, vitu vyekundu vinaonekana vyeusi na vya bluu vinang'aa.

Sasa geuza hoja. Seli za usiku karibu haziuoni wekundu wa mbali. Kwa hiyo nukta nyekundu iliyofifishwa inaonwa na seli za mchana zilizo katikati ya jicho, na zile za usiku zinabaki zimezoea kiza. Kijani kinazipiga zote kwa pamoja. Usiku kabisa kijani kwenye namba ya chini mara nyingi bado ni kikali.

Mchana kwenye majani mabichi, kijani kinapotea na nyekundu inasimama. Kwenye udongo mwekundu au majani yaliyokauka, kijani kinaweza kushinda. Mimi ningechukua nyekundu kama natakiwa kuchagua moja.

Kengewa77

Na asiyeona rangi vizuri?

Fundi wa Vioo

Hapo sheria yangu inavunjika. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya, karibu mmoja katika 12 ana tatizo la nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni nadra. Kuna aina ambayo wekundu unaonekana hafifu au karibu na weusi. Mtu huyo akipewa nukta nyekundu atasema taa haiwaki, na kwa jicho lake ni kweli. Achukue kijani, au skopu inayobadilisha rangi zote mbili, ajaribu mwenyewe. Asimsikilize mtu, hata mimi.

Mlinda Kitako

Mmesahau zisizotumia betri. Skopu za Trijicon ACOG, zimekuwepo tangu 1987, mimi ndizo nimezizoea. Baadhi ya matoleo yake yana uzi wa faiba juu ya bomba unaokusanya mwanga wa mazingira, na ndani kuna tritiamu, gesi yenye mionzi inayowezesha nukta kung'aa bila betri, kwa ajili ya usiku. Jua likiwa kali nukta inawaka kali, mawingu yakija inapoa yenyewe. Hakuna kitufe cha kuhangaika nacho. Hii habari ya kushusha na kupandisha jioni nzima mimi siijui.

Kipanga wa Jioni

Ni skopu ninayoiheshimu mkuu, lakini huo urahisi una mtego wake. Faiba inapima mwanga wa ulipo wewe. Haijui shabaha iko wapi. Ukikaa ndani ya kibanda au chini ya paa ukalenga nje kwenye jua, faiba iko kivulini, nukta inakuwa hafifu na mwanga wa nje unaimeza. Ukisimama juani ukalenga ndani ya kivuli, nukta inawaka kupita kiasi na kuifunika shabaha. Ndiyo maana utaona watu wamebandika utepe juu ya ile faiba, wengine sehemu tu, kuupunguza mwanga.

Tritiamu nayo inazeeka hata ikikaa kabatini. Kila miaka 12 na miezi michache nguvu yake inabaki nusu. Ukinunua ya mtumba yenye umri wa miaka 25, imebaki kama robo.

Mlinda Kitako

Utepe ninao, sikatai 😅. Na ya robo pia ninayo, inatosha kwa mwezi mpevu.

Mzee wa Lenzi Moja

Vijana wangu, mimi nukta yangu haiko duara. Inaonekana kama ina mikia miwili. Nimerudisha skopu dukani, nimepewa nyingine, mikia ile ile.

Fundi wa Vioo

Shikamoo mzee. Skopu mbili zenye mikia ile ile, mshukiwa ni jicho. Pima hivi: weka simu nyuma ya skopu upige picha ya nukta. Ikitoka duara kwenye picha, skopu iko salama. Au zungusha skopu polepole kwenye mhimili wake ukiwa umetulia kichwa, bila kuifunga kwenye bunduki. Mikia ikizunguka pamoja na skopu, tatizo ni la skopu. Ikibaki ilipo, ni astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) yako, na miwani iliyopimwa kwa ajili hiyo inasaidia.

Kabla ya hapo hakikisha ile pete ya kurekebisha kwenye lenzi ya nyuma imekaa sawa. Elekeza skopu kwenye anga tupu (kamwe usiielekeze kwenye jua), tazama kwa kifupi, rekebisha hadi mistari iwe mikali pale unapofungua tu jicho. Ukikodoa muda mrefu, jicho linajirekebisha lenyewe na kukudanganya.

Na shusha taa mzee. Mikia inakua pamoja na mwanga.

Mzee wa Lenzi Moja

Marahaba. Nimeshusha, mkia umebaki mmoja na nusu. Wiki ijayo kwa daktari wa macho.

Mshale_Mnyoofu

Na wakati wa ukungu je? Mimi nazima taa kwa kuhofia ukungu utarudisha mwanga machoni.

Kipanga wa Jioni

Mwanga hautoki nje kwenda kugonga ukungu, umebaki ndani ya bomba, kwa hiyo hofu hiyo iondoe. Ukungu wenyewe ni mweupe wa kijivu, na mistari myeusi inaonekana juu yake vizuri. Shida ni shabaha kupoteza umbo, na hapo hakuna taa itakayokusaidia. Kinachoharibu nukta asubuhi ya baridi ni pumzi yako kwenye lenzi ya nyuma. Tone dogo la mvuke pale, nukta inatandaa. Futa kwa kitambaa laini na upumulie pembeni.

Jua likiwa chini mbele yako ni habari nyingine. Linaingia kwenye lenzi ya mbele na kutandaza weupe kwenye picha nzima, mistari inapauka na nukta pia. Wengi hupandisha taa. Kofia ya kivuli kwenye lenzi ya mbele inafanya kazi zaidi kuliko namba tano za taa.

Nyasi Ndefu

Nina bajeti ya kuchagua: skopu A ina kioo kizuri bila taa, skopu B ina taa na kioo cha wastani. Jioni ndio muda wangu. Nichukue ipi?

Fundi wa Vioo

A, bila kufikiri mara mbili, ila uiangalie mistari yake. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa unapoteza karibu asilimia 4 ya mwanga. Skopu yenye nyuso 12 hivi ingepoteza karibu asilimia 40, na sehemu ya mwanga uliopotea ungebaki ndani ukizurura na kuipausha picha. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss aliweka hati miliki ya kupaka vioo dawa ya kuzuia hilo mwaka 1935, na ubora wa upakaji huo bado ndio unaotenganisha skopu na skopu. Taa haiwezi kukurudishia mwanga ambao kioo kimeula.

Ukiwa na A, chagua msalaba wenye mihimili minene pembeni inayoelekea katikati. Watu waliwinda jioni na mihimili hiyo miaka mingi kabla ya LED.

Na zumu: gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaotoka nyuma. Lenzi ya milimita 50 kwenye 12 inatoa 4.2; ukishusha hadi 7 inatoa 7.1, ambayo inaijaza hata mboni ya kijana. Jioni wengi wanavuta zumu mwisho ili waone zaidi, wakati huo wanajinyima mwanga.

Binti Shabaha

Hapo kwenye zumu ongeza hili: kama msalaba uko kwenye fokasi ya kwanza, unakua na kupungua pamoja na picha. Ukishusha zumu jioni, mistari inakonda, na ndipo taa inapokuwa ya lazima. Kama uko kwenye fokasi ya pili, unabaki unene ule ule, unaweza kuishi bila taa, ila vipimo vya vistari vinakuwa sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu. Nyasi Ndefu, ulizia A iko upande gani kabla hujatoa hela.

Nyasi Ndefu

Fokasi ya pili, mihimili minene. Naichukua A. Asanteni sana.

Kengewa77

La mwisho kutoka kwangu: betri. Yangu ni ile bapa, CR2032. Asubuhi za baridi nukta inapepesa.

Kipanga wa Jioni

Baridi inapunguza nguvu ya betri ya lithiamu, na ikiwa imeshachoka ndipo inapepesa. Weka mpya, ya akiba iwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Safisha migusano ya kifuniko kwa kitambaa kikavu. Na kama skopu yako ina nafasi ya kuzima kati ya namba na namba, iache kwenye nafasi iliyo jirani na namba yako ya jioni, ili kuwasha kuwe mbofyo mmoja tu. Usiku huoni namba.